Mwiko wa Amrut

Shevanta Magdum aliinusa balaa kabla hajaiona. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye basi, begi la nguo begani na pakiti ya ladu, vile vitamutamu vya harusi, mkononi, na badala ya kupitia nyumbani kwanza akaikata moja kwa moja njia ya kitaluni. Amrut, ile maji ya kuvundika wanayomwagilia miche, ikiwa nzima hunukia uchachu wa mtindi na sukari guru, hata aliyeshiba anaweza kumeza mate. Harufu iliyompokea langoni siku hiyo ilikuwa ya panya aliyefia darini.

Alifunua gunia lililofunika pipa. Juu kulikuwa na ukoko wa kijivu, na ndani ya ukoko funza walikuwa wakijinyonganyonga kwa raha zao. Mwiko wa kukorogea, ule mrefu wa mti wa mwarobaini, ulikuwa umeegemezwa ukutani, mkavu kabisa.

La kuvunda halina ubani. Shevanta alilirudishia pipa gunia lake, akaziweka ladu juu ya jiwe, akaita kwa sauti iliyowarusha njiwa wote juu ya paa la hekalu.

"Tanuja!"

Tanuja, mdogo kuliko wote katika kikundi chao cha wanawake wanne, alitokeza uso nje ya wavu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na ulimi usiolala njaa.

"Abee, dada. Umesharudi? Harusi ilikuwaje?"

"Harusi iache huko huko. Nani alikuwa anakoroga pipa?"

"Mimi. Siku ya kwanza, asubuhi na jioni, kama ulivyoniagiza."

"Halafu?"

"Halafu kunguru akanigusa."

Katika vijiji vya kule mwanamke hasemi kwamba ameingia mwezini. Husema kunguru amemgusa, na kila mtu huelewa: kwa siku nne haingii jikoni, hasogelei picha za miungu, hagusi mtungi wa achari usije ukaota ukungu. Na tangu mama mkwe wa Shevanta, Bi Hausabai, alipotangaza kwamba pipa la amrut nalo ni kitu cha miungu, pipa likaingizwa kwenye orodha hiyo hiyo.

"Ukashindwa kumwambia Pramila?"

"Nilimwambia. Akakoroga jioni moja. Kulipokucha, kunguru akamgusa na yeye."

"Na Sugandha je?"

"Sugandha alikuwa ameshaguswa tangu juzi yake."

"Jamani, huyu kunguru hana kazi nyingine? Kijiji kizima kimejaa majalala, yeye anawafuata ninyi tu?"

"Muulize mwenyewe, dada. Mimi namba yake ya simu sina."

Shevanta alitaka kumzaba kofi na alitaka kucheka, na kwa kuwa hakuweza kufanya vyote viwili kwa pamoja, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kushika kichwa. Alikuwa ameondoka siku nne tu. Siku nne, jamani! Mtu hawezi kwenda kumwoza binti wa kaka yake akakuta dunia bado imesimama?

Ndani ya wavu wa kivuli kulikuwa na trei mia nne, na katika kila trei miche hamsini. Kila mche ulikuwa umetokana na jicho moja la muwa, lililokatwa kwa kisu, likalazwa kwenye unga wa makumbi ya nazi, likamwagiliwa na kubembelezwa. Sasa ilikuwa siku ya ishirini na miche ilikuwa na majani mawili mawili, ya manjano, yaliyolala kizembe. Alipouvuta mmoja, mizizi ilikuwa michache kama ndevu za mvulana, na unga wote wa makumbi ukamwagika miguuni kwake.

Baada ya siku kumi na sita mkaguzi wa kiwanda cha sukari angekuja. Masharti yake yalijulikana: majani manne, shina nene kama kalamu, na donge la mizizi lisilovunjika likiangushwa kutoka usawa wa kiuno. Wakifaulu, kiwanda kingechukua miche yote, na baraza la kijiji lingewaachia banda lile la kitalu kwa miaka mitatu. Wakishindwa, banda lingepewa mtu mwingine, nao wanne wangerudi walikotoka, mashambani mwa watu, kubeba matita ya miwa kichwani tangu alfajiri mpaka shingo ziingie mabegani. Msimu uliopita walijaribu mbolea ya mfuko kuharakisha mambo, ikaunguza mizizi nusu ya kitalu. Amrut haiunguzi. Si mbolea na si dawa. Inauamsha udongo, na udongo unauamsha mzizi. Lakini lazima ikorogwe asubuhi na jioni, siku saba mfululizo. Ukiiacha bila hewa, hayo ndiyo matokeo yake.

"Limwageni," alisema. "Lote. Na mlisugue pipa kwa majivu. Tunaanza upya leo leo."

"Tutaligusa vipi, dada?" aliuliza Tanuja, macho makavu. "Au kukoroga ni mwiko, kumwaga ruksa?"

"Tanuja, usinichefue."

*

Tabu ilikuwa kwamba amrut haipikwi kwa mavi ya ng'ombe yeyote. Inataka ya ng'ombe wa kienyeji, na katika mtaa wao mzima uliokuwa umejaa nyati na ng'ombe chotara wenye maziwa mengi, wa kienyeji alikuwa mmoja tu, na mwenyewe alikuwa Bi Hausabai. Ukitaka mavi, unaenda kwa Bi Hausabai. Na ukienda kwa Bi Hausabai, unapewa na mawaidha.

Bi kizee alikuwa barazani akichambua karanga. Alikuwa mwembamba, mdogo wa umbo, na kila siku ya Mungu alikuwa akienda kitaluni kulipaka pipa manjano na unga mwekundu na kuliwekea ua juu. Alilipaka hata lile lililojaa funza, na funza wenyewe hakuwaona.

"Nimesikia limeoza," alisema kabla Shevanta hajakaa. "Nilijua tu. Yule mtoto Tanuja alipitisha kivuli chake pale."

"Mama, halikukorogwa. Ndiyo maana likaoza. Kivuli hakina kosa."

"Na kwa nini halikukorogwa?"

"Kwa sababu uliwakataza!"

"Basi. Tumeelewana."

Shevanta alihesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Alifika sita.

"Mama, ninayoomba ni mavi na mkojo tu. Nichanganye na sukari guru, unga wa dengu na konzi ya udongo. Waache wenzangu wanisaidie. Ni mavi na mkojo, mama."

"Kikishachanganywa kinaitwaje?"

"Amrut."

"Na amrut ni kinywaji cha nani?"

"Cha miche ya miwa, mama."

"Cha miungu!" Bi Hausabai alipiga sinia la karanga kwa kiganja. "Jina limesema lenyewe. Kama mlitaka kiguswe na kila mtu, mngekiita uji. Ng'ombe ni wangu. Mavi nitakupa, mkojo nitakupa, lakini mwiko ataushika mtu ambaye kunguru amemwacha. Wewe amekuacha tangu lini?"

"Miezi saba," alisema Shevanta.

"Basi utakoroga wewe."

"Peke yangu? Na hili bega langu?"

"Mimi nilisaga mtama kwa jiwe nina homa," alisema mama mkwe, akarudi kwenye karanga zake. Na hapo ndipo mwiko ulipokutana na mwiko, na wa mti ukashindwa na wa maneno.

*

Kana kwamba hayo hayatoshi, kesho yake asubuhi alifika bwana shamba. Kijana Mishra alikuwa ametumwa na chuo kuwasaidia wanawake wenye vitalu. Alitoka mbali kaskazini, na Kimarathi alikuwa amejifunzia vitabuni. Alikuwa na adabu nyingi na kofia kubwa. Alishusha kwenye pikipiki yake furushi la nyavu na mwewe wa plastiki mwenye macho mekundu.

"Mama Shevanta, pole sana kwa shambulio," alisema.

"Shambulio gani?"

"La kunguru. Nilipita hapa ulipokuwa safarini nikauliza kwa nini pipa halikorogwi. Dada Pramila akaniambia kunguru amemgusa. Dada Sugandha naye vile vile. Watu watatu kwa wiki moja! Nimeandika ripoti. Huenda wana kiota karibu."

Nyuma ya trei Tanuja alitoa sauti ya mtu aliyepaliwa na maji. Pramila akajifunika uso kwa ncha ya sari. Shevanta alimtazama kijana, akatazama mwewe, akatazama mbingu. Angemwelezaje? Angeanzia wapi? Kijana mwenyewe alikuwa na umri wa mwanawe.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mfunge tu huyo ndege wako pale juu."

"Je, waliumia? Makucha ya kunguru yana vijidudu."

"Wataishi."

Mishra alifunga nyavu kutwa nzima huku akitokwa jasho. Tanuja alimshikia ngazi na kumuuliza kwa upole kama mwewe huyo anafanya kazi kila mwezi.

*

Shevanta alikoroga. Asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kuwasha taa, mizunguko mia kufuata mkono wa kulia, bega likimuuma mpaka kwenye jino. Siku ya kwanza pipa lilinyamaza. Siku ya pili likaanza kutoa povu pembeni. Siku ya tatu, Jumanne, alipoinama kuchota maji ya kuongezea, alihisi kitu ambacho hakukihisi kwa miezi saba, akaenda nyuma ya ukuta wa tangi, akajitazama, akarudi akiwa ameganda.

Leo! Kati ya siku zote za mwaka! Miezi saba kunguru yuko kwenye safari zake, halafu anachagua wiki hii! Shevanta aliapiza kimya kimya kwa matusi ambayo hakujua kama anayajua.

Angeweza kusema. Akisema, mama mkwe angekuja kumwaga pipa kwa mkono wake mwenyewe, na ng'ombe angefungiwa. Siku za kuanza upya kwa mara ya tatu hazikuwapo. Miche ingebaki na majani yake mawili ya manjano, mkaguzi angetikisa kichwa, na ifikapo msimu wa kukata miwa Tanuja angekuwa na tita kichwani kama mama yake alivyokuwa.

Aliushika mwiko. Na lazima isemwe kweli: aliogopa. Mdomoni alikuwa jasiri, lakini tangu akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu hakuwahi kugusa hata mtungi wa maji akiwa kwenye siku zake. Alijua vizuri kwamba kilichoua pipa la kwanza ni kukosa hewa. Alijua. Ila kujua ni kitu kimoja, na ngozi yako mwenyewe kuamini ni kitu kingine. Mizunguko mia aliihesabu kwa sauti ili asisikie anachowaza.

Jumatano asubuhi aliwahi kabla ya watu wote, akafunua gunia akiwa amebana pumzi, kisha akavuta hewa taratibu. Uchachu. Sukari guru. Povu lilikuwa limepanda kiganja kizima na lilikuwa likinong'ona.

"Kumbe," alisema Shevanta. Hasira iliyompanda hapo haikuwa ya mtu yeyote aliyekuwa hai karibu naye. Aliwaza siku zote alizokaa kwenye jamvi nje ya mlango wa jikoni, mtoto akimlilia ndani naye haruhusiwi kuvuka kizingiti. Akakoroga kwa nguvu mpaka akajimwagia.

Siku tano kunguru alikaa naye, na siku zote tano alikoroga. Kila asubuhi Bi Hausabai alikuja na ua lake, akanusa, akasema, "Umeona? Mkono safi." Shevanta akawa anameza mate na kuitikia, "Ndiyo, mama."

Siku ya saba walichuja. Kikombe kimoja cha amrut kwa vikombe kumi vya maji, kwenye trei zote, kisha tena baada ya siku nne. Wenzake hawakuamini, naye mwenyewe ilikuwa shida kuamini. Ndani ya juma moja majani yalisimama, yakageuka kijani cha kuiva, la tatu likachomoza, la nne likafuata mbio. Mizizi ilitokeza chini ya trei, myeupe myeupe, imejaa.

*

Mkaguzi Khot alikuwa mtu mnene, mchache wa maneno, mwenye rula mfukoni. Alipita safu baada ya safu. Alihesabu majani, akapima mashina, akakwaruza kidogo kwa ukucha. Kisha akachomoa mche mmoja kutoka katikati ya trei, ambako miche huwa dhaifu, akaunyoosha usawa wa kiuno, akauachia.

Ulianguka. Donge lilikaa zima.

Akachomoa wa pili, wa trei nyingine. Zima. Wa tatu. Zima. Pramila alikuwa ameng'ata ncha ya sari yake. Sugandha alikuwa akiomba kwa sauti.

"Nitachukua yote," alisema Khot. "Mmetia nini hapa?"

"Amrut, bwana mkaguzi," akaruka Mishra. "Na tatizo la kunguru tumelidhibiti kikamilifu."

Mkaguzi, ambaye alizaliwa vijiji vitatu kutoka pale na alikuwa na mke na mabinti wanne, alimtazama kijana, akautazama wavu, akamtazama mwewe, akaamua kukohoa.

Hapo ndipo Bi Hausabai alipojisogeza mbele, mabega yameinuka kwa fahari.

"Andika, bwana," alimwambia mkaguzi. "Andika kwamba kilichosimamisha miwa hii ni usafi. Pipa la kwanza liliguswa na wasichana, likaoza, kijiji kizima kimeshuhudia. Hili la pili limeshikwa na mkwe wangu peke yake, ambaye kunguru amemwacha. Kuanzia leo ndiyo sheria ya kitalu hiki. Wenye kuguswa wakae nyumbani. Watu wazima tupo, nina binamu zangu wawili hawana kazi."

"Ni utaratibu mzuri," alisema Mishra, akiwa ameshatoa kalamu. "Umri wa chini uwe miaka mingapi, mama?"

Hakuna aliyecheka. Tanuja alikuwa ameinamisha uso na kuvifuta vidole vyake vyenye unga wa makumbi, kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Pramila naye alishavua aproni.

Shevanta aliona wazi kwamba hakuna aliyekuwa akimwomba kitu. Miche ilikwisha chukuliwa. Banda lilikuwa lao. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amekuzoea.

"Mama," alisema. "Kunguru alinigusa."

"Lini?"

"Jumanne ile. Siku ya tatu ya pipa."

Bi Hausabai alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Na nani akakoroga?"

"Mimi. Siku zote tano. Asubuhi na jioni. Ua ulilokuwa ukiliweka pale, ulikuwa ukiliweka nikiwa na damu. Pipa ndilo hili. Miche ndiyo hii."

Mkaguzi Khot alipata jambo la kusoma kwenye rula yake. Mishra alifungua mdomo, akawatazama wanawake mmoja baada ya mwingine, na wekundu ukaanza kumpanda kutoka shingoni mpaka chini ya kofia. Mwishowe alikuwa ameelewa, maskini, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumhurumia.

Shevanta alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Majibu yote alikuwa nayo, ameyapanga siku kumi na tatu. Alikuwa na jibu la ng'ombe, na la miungu, na la jina.

Lakini mama mkwe hakutukana. Aliinama, polepole kwa sababu ya magoti, akaokota mche mmoja kati ya ile iliyoangushwa. Aliugeuza. Akalihesabu jani la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akapitisha kidole gumba kwenye donge la mizizi, akalinusa.

"Halikuoza," alisema.

"Halikuoza, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Bi kizee alikaa chini palepale, kwenye tope la kitalu, na sari yake safi. Shevanta alimshika mkono amwinue, lakini bi kizee akautoa mkono wake.

"Mwanangu wa kwanza alikuwa na homa," alisema Bi Hausabai, na sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya kuongea na watu. "Nilikuwa nje kwenye jamvi. Siku ya pili. Nikamsikia anaita maji. Mtungi ulikuwa pale mlangoni, mkono ungefika. Nikasema, nikiugusa utaharibika. Nikangoja mtu arudi kutoka shambani. Aliporudi, mtoto alikuwa haiti tena."

Akaushika mche kwa mikono miwili.

"Kumbe usingeharibika," alisema.

Tanuja ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa chini kando yake.